Funguo Tatu za Talanta Tano

Valéry alikuwa na siku ya pili kwenye foleni ya mafuta wakati spika ya kanisa ilipomletea riziki.

Tuambizane ukweli kabla hatujaenda mbali. Bujumbura ya siku hizi, foleni ya mafuta si mahali pa kusubiri tu. Watu wanachumbiana pale, wanauziana simu, wananyoana ndevu. Valéry, aliyekuwa kwenye gari la kukodi ambalo mshale wake wa mafuta ulilala chini tangu Ijumaa, alikuwa ameshauza pale saa mbili za bandia na ahadi moja ya kazi. Lakini hizo zilikuwa za kupitisha muda. Huyu ni mtu aliyewahi kumuuzia bwana mmoja wa Ulaya kiwanja cha Kinindo, mtaa wa matajiri kando ya ziwa, ambacho maji yalishakimeza pamoja na ua wake. Mtu wa hadhi hiyo hazeeki akiuza saa.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tisa, na foleni ilipita nyuma ya kanisa moja la Mutanga Nord. Mahubiri yalikwisha, yakaja matangazo.

"Vijana wa kikundi cha akiba cha Talanta Tano," ilisema spika, "mkutano ni Jumamosi saa nane kama kawaida. Mgawanyo wa mwaka utakuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli. Mwaka jana sanduku lilifunga na milioni kumi na moja. Mwaka huu, kwa neema ya Mungu, tunatazamia milioni kumi na nne. Tumpigie Bwana makofi."

Kanisa likapiga makofi. Valéry, ndani ya gari, akapiga pia. Kisha akajichana nywele kwenye kioo, akafunga tai, akamwomba jirani wa foleni amlindie nafasi, akaingia kanisani wimbo wa mwisho ukiimbwa. Sauti yake ilikuwa nzuri, na hilo lazima tumpe. Kabla ya "amina" ya mwisho wanakwaya wawili walikuwa wameshageuka kumtazama.

Baada ya wiki moja walikuwa wanamwita Mwalimu.

Alijitambulisha kama mshauri wa fedha za vijana wa Kikristo, mwenye ofisi Kinindo, na marafiki wazungu ambao hakuwataja majina kwa unyenyekevu. Akatoa semina ya bure siku tatu. Ubaya wa semina ile, na huko mbele utaona ni ubaya mkubwa, ni kwamba ilikuwa nzuri. Valéry aliinakili mtandaoni neno kwa neno, na aliyeiandika huko alikuwa mtu mwaminifu.

"Kijana Mkristo," alisema akitembea mbele yao kwa viatu vilivyong'aa, "mshahara ukiingia leo, unagawa leo. Fungu la kumi kwanza, kabla hata ya nyanya. Halafu akiba. Halafu nyumba na chakula. Kinachobaki ndicho chako, na kama hakibaki, basi ulikuwa unaishi maisha ya mtu mwingine. Na kila faranga uandike imetoka wapi. Mungu hapokei pesa isiyo na anwani."

Vijana waliandika mpaka kalamu zikaisha wino. Wengi walikuwa na mshahara wao wa kwanza au wa pili: walimu, makarani, wauza mitandio, mmoja wa maabara. Walikuwa wamechoka kufika tarehe kumi na tano mifuko ikiwa mitupu na kuomba Mungu afanye miujiza ya unga. Valéry akawauzia daftari la bajeti lenye msalaba wa dhahabu juu, elfu kumi kila moja. Yeye alilinunua elfu mbili na mia tano kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique. Alipomaliza semina aliomba ajiunge na kikundi, kwa sababu, alisema, mwalimu asiyeweka akiba ni mnafiki.

Hapa ni lazima tueleze sanduku.

Sanduku la Talanta Tano lilikuwa la chuma, la rangi ya kijani, ukubwa wa mtungi wa gesi uliolazwa. Lilikuwa na kufuli tatu, na kila kufuli ina mtu wake. Ufunguo wa kwanza ulikuwa kwa Régis, karani wa ushuru aliyependa vyeo kuliko mshahara. Wa pili ulikuwa kwa Danielle, muuza wigi, aliyekuwa akijiandaa kuolewa na mwanamume ambaye bado hajaambiwa. Wa tatu ulikuwa kwa Loïc, mwalimu wa hesabu, mtu mwoga hata akipita karibu na jeneza tupu. Sanduku lenyewe lililala chini ya kitanda cha mtu wa nne ambaye hakuwa na ufunguo wowote: Adélaïde.

Kila Jumamosi wanachama ishirini na wawili walinunua hisa, wakakopeshana, wakarudishiana na faida kidogo. Mwaka mzima sanduku lilikaa karibu tupu maana pesa yote ilikuwa mikononi mwa wanachama. Ni Jumamosi moja tu kabla ya mgawanyo ambapo mikopo yote ilirudi na sanduku likajaa, na likalala limejaa siku saba. Valéry alipoelezwa hivyo aliuma ulimi asitabasamu.

Kwa hiyo akasubiri, na kusubiri kulimgharimu. Kila Jumamosi alinunua hisa tano, ndio mwisho unaoruhusiwa, elfu ishirini na tano, ili aonekane mtu mzito. Juu ya hapo kulikuwa na faini. Kuchelewa, elfu moja. Simu kulia, elfu moja. Kuzungumza bila kuinua mkono, mia tano, na Valéry hakuumbwa kuinua mkono. Jumamosi moja alilipa faini tisa, ya mwisho kwa kulalamikia ile ya nane.

Aliyemtoza ni Adélaïde. Alikuwa na miaka ishirini na sita, katibu katika ofisi ya wakili mmoja, msichana wa maneno machache na macho yasiyopepesa. Jioni alioka keki za harusi kwa makaa, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko, na kila keki ilitoka na upande mmoja mweusi ambao aliufunika kwa krimu na maombi. Alichotaka duniani ni tanuri. Lilikuwa dukani kwa Aboubacar pale Asiatique, la gesi, trei nne, limetumika Dubai, milioni moja na nusu. Alikuwa amelitembelea mara nyingi mpaka Aboubacar akaacha kumuuliza anataka nini.

"Mutoto wangu, mi nakushikia," Aboubacar alimwambia. "Lakini ile siku ya mgawanyo wenu, saa kumi na moja nafunga. Ukikosa kufika, kuna mutu wa hoteli anakuja na pesa mukononi. Usinilaumu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa. Ndani ya lile sanduku la kijani kulikuwa na mwaka mzima wa Adélaïde, faranga kwa faranga, nauli alizotembea kwa miguu na soda alizokataa. Likipotea sanduku, analipata tanuri yule mtu wa hoteli, naye Adélaïde anarudi kwenye makaa.

Wiki mbili kabla ya mgawanyo Valéry alianza kukusanya funguo.

Alianza na Régis. Alimkuta kibarazani kwake, akampa mkono kwa heshima ya kumpa waziri.

"Ndugu Régis, kuna wafadhili Kinindo wanataka kuongeza pesa kwa vikundi vyenye ulinzi mzuri. Wanahitaji inspekta wa kanda. Nimetaja jina lako."

"Inspekta," Régis alirudia polepole, akionja.

"Wa kanda. Ila wanataka kuchunguza kufuli zenu. Nipe ufunguo saa moja tu, nauonyesha, narudisha. Kuna posho ya ufunguo, laki mbili. Iwe siri, wengine wasije wakaona wivu."

Régis alifikiri, na aliwaza hivi, neno kwa neno: ufunguo mmoja bila mingine miwili unafungua nini? Haufungui kitu. Basi mimi nimetoa nini? Sijatoa kitu. Akautoa.

Danielle hakuhitaji hata cheo. Alizihesabu zile laki mbili mara mbili, akasema, "Sha, ufunguo mumoja hauna nguvu, si ndiyo?" Valéry akamwambia ndiyo, hauna. Akautoa.

Loïc aliuliza kwanza kama ni dhambi. Valéry akamuuliza yeye, mwalimu wa hesabu, theluthi moja ya mlango inapitisha mtu? Loïc akapiga hesabu, akaona haipitishi. Akautoa.

Funguo zote tatu zilichongewa nakala kwa fundi mmoja wa Buyenzi na kurudishwa ndani ya saa moja. Kila mmoja wa wale watatu alilala usingizi mzuri akijua kuwa usalama wa kikundi umo mikononi mwa wale wawili wengine, ambao ni watu waaminifu sana. Valéry alilala vizuri zaidi, ingawa pesa ya kiwanja cha ziwani ilikuwa imebaki ya chai.

Sasa ile semina ikaanza kuzaa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Adélaïde alikaa na wamama wawili kwenye chumba cha nyuma kufungua bahasha za fungu la kumi, kazi yake ya kila Jumapili. Tangu semina vijana wote walikuwa wanaandika juu ya bahasha jina, kiasi, na pesa imetoka wapi. Akafungua ya Régis: elfu ishirini zaidi ya kawaida, "mapato ya ziada." Akafungua ya Danielle: elfu ishirini zaidi, "baraka isiyotarajiwa." Sawa, watu hubarikiwa. Kisha akafungua ya Loïc, ambaye katika maisha yake yote ya wokovu hakuwahi kutoa ziada hata ya mia. Elfu ishirini. Na Loïc, ambaye anaweza kumficha mwalimu mkuu, anaweza kumficha hata mama yake, lakini anamwogopa Mungu mpaka kwenye mifupa, alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa ubao: "ufunguo."

Adélaïde aliiangalia ile bahasha muda mrefu. Mama mmoja akamuuliza kama pesa haitimii.

"Inatimia, mama," alisema. "Inatimia sana."

Alimkuta Loïc chini ya ngazi za kanisa, akamwonyesha bahasha. Loïc alianza kulia kabla hajaulizwa, akasema yote. Ndani ya nusu saa Régis na Danielle walikuwa wamesimamishwa kando yake pale pale, na kila mmoja alijitetea kwa maneno yale yale.

"Lakini wangu peke yake haufungui kitu," alisema Régis.

"Na wangu," alisema Danielle.

"Mi nilipiga hesabu," alisema Loïc kwa kamasi.

"Nyinyi watatu mukiwekwa kulinda mutumbwi wa muto Ruzizi, kila mutu angeuza upande wake," alisema Adélaïde. "Tanuri yangu iko ndani ya lile sanduku. Mwaka muzima natembea kwa miguu kutoka mjini, nyinyi munauza."

Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya kelele, jambo lililowatisha zaidi. Régis akapendekeza wamfukuze Mwalimu mara moja, tena hadharani, yeye atatoa hotuba.

"Apana. Akifukuzwa leo, kesho iko kanisa ingine. Na ile laki mbili zenu mutamurudishia nani? Mutanyamaza mpaka Jumamosi ya mgawanyo. Bado mimi sijauza. Ngoja aje ninunuliwe."

Valéry alimjia ofisini kwa wakili Jumatano, saa ya chakula cha mchana, na maua. Sanduku lilikuwa limejaa tangu Jumamosi, milioni kumi na nne na kitu, chini ya kitanda cha msichana huyu. Alikuwa ameandaa hotuba ya dakika arobaini yenye Kinindo, wafadhili, na machozi kidogo mahali pa tatu. Alifika kwenye sentensi ya pili.

"Unataka sanduku," alisema Adélaïde.

Valéry aliweka maua mezani. Katika miaka kumi na mbili ya kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumrahisishia hivyo.

"Dada Adélaïde, mimi—"

"Mi nina shida moja tu, tanuri. Milioni moja na nusu. Kwenye mgawanyo nitapata milioni moja, laki nne na elfu kumi. Nimekosa elfu tisini, na hakuna mutu wa kunipa. Nipe bei ya tanuri Ijumaa, yote, Jumamosi asubuhi njoo uchukue sanduku. Ile ingine si shauri yangu."

Tumhurumie kidogo Valéry hapa. Mtu aliyeishi akiamini kila mtu ana bei hawezi kushuku anapotajiwa bei. Alimtazama yule msichana kwa heshima ya kweli, karibu ya mapenzi, akajiambia: huyu ndiye mtu pekee wa akili katika kanisa lote.

Shida ilikuwa milioni na nusu. Hakuwa nayo. Kwa hiyo akaenda Buyenzi, garaji ya Hamimu.

Hamimu ndiye mwenye lile gari la kukodi. Alikuwa fundi mnene wa miaka hamsini, kofia nyeupe, mikono nyeusi kwa mafuta, na alimjua Valéry vizuri, yaani hakumwamini hata akisema leo ni Jumatano.

"Bwana Hamimu, nataka kununua lile gari. Milioni tisa, Jumamosi adhuhuri, mkononi. Ila leo nikopeshe moja na nusu, mzigo wangu utoke."

Hamimu alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. Lile gari lilikuwa halifiki milioni tano hata likioshwa.

"Milioni tisa," alisema.

"Tisa. Na ya mkopo nakuongezea faida."

"Faida apana. Riba ni haramu, mi siile." Akafikiri kidogo juu ya milioni tisa, ambazo hakuna aya iliyomkataza. "Nitakupa. Lakini funguo ya gari inabaki hapa, na pasipoti yako inabaki hapa. Na koti."

"Koti la nini?"

"Siku ya baridi."

Ijumaa Adélaïde alipokea pesa, akazihesabu mbele yake, akamwandikia hata risiti, kwa mazoea. Valéry aliichukua, kwa mazoea pia. Hakujua kwamba jana yake, Alhamisi, wenye funguo watatu walikuwa wamepiga magoti kando ya kile kitanda wakafungua kila mtu kufuli yake, na milioni kumi na nne zikahamia kwenye sufuria tatu za keki juu ya kabati, kila sufuria na kifuniko chake. Sanduku likajazwa karatasi nyingine zenye uzito wa karibu sawa, likafungwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi Valéry alilibeba mwenyewe mpaka Buyenzi. Alilitikisa njiani mara moja, likatoa sauti tamu ya karatasi nyingi. Alipanga vizuri: amlipe Hamimu deni, achukue pasipoti, aseme anakwenda benki kuleta zile tisa za gari, na adhuhuri awe ameshavuka mpaka. Hamimu alimkaribisha nyuma ya garaji, akaweka kigoda, akakaa kutazama.

Kufuli ya kwanza ikafunguka. Ya pili ikafunguka. Ya tatu iligoma kidogo, ikafunguka.

Ndani kulikuwa na madaftari ishirini na moja, kila moja na msalaba wa dhahabu.

Valéry aliyatoa yote. Akapekua chini. Akapapasa kona za sanduku. Mwisho, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kufanya, akafungua moja, likatokea la Loïc. Limejazwa vizuri, mistari kwa rula. "Mapato: mshahara. Ufunguo, laki mbili. Fungu la kumi: elfu ishirini. Kilichobaki, laki moja na themanini: kimerudishwa kwa kikundi." La Régis hivyo hivyo. La Danielle hivyo hivyo, pamoja na ua la kuchora. Akafungua la Adélaïde. "Mapato: sanduku, milioni moja na nusu. Si yangu. Ni zawadi ya Ndugu Valéry kwa kikundi. Mgawanyo ni leo saa nane. Asiyefika anapoteza hisa zake, kanuni ya tisa. Fungu la kumi la zawadi hii atoe mwenyewe."

"Soma kwa sauti," alisema Hamimu. Valéry akasoma, maana sauti ndiyo kitu pekee alichobaki nacho.

Ndani ya macho ya Hamimu milioni tisa ziliinuka taratibu zikaondoka. Kisha akauliza swali la mtu wa biashara.

"Hisa zako huko ni ngapi?"

"Laki tatu na nusu hivi, na faida."

"Inuka."

"Wapi?"

"Saa nane haijafika. Inuka, chukua sanduku la wenyewe, twende ukachukue haki yako unipe."

"Bwana Hamimu, siwezi kuingia mle. Watanila nyama."

"Ni watu wa Mungu. Hawali. Mi ndo nakula. Inuka."

Gari halikuwa na mafuta. Kwa hiyo watu wa Bujumbura waliokuwa njiani Jumamosi ile waliona kitu cha ajabu kidogo: kijana wa viatu vya kung'aa, bila koti, sanduku la kijani kichwani, akipanda mlima wa Mutanga juani, na nyuma yake mzee mnene wa kofia nyeupe akitembea polepole na kivuli cha mwavuli wake peke yake.

Walifika saa nane na dakika kumi na mbili. Chumba cha nyuma ya kanisa kilikuwa kimejaa. Wale watatu wakaangalia sakafu. Adélaïde alikuwa mbele na kitabu, na juu ya meza sufuria tatu za keki.

"Ndugu Valéry amefika," alisema. "Faini ya kuchelewa, elfu moja. Itakatwa."

Valéry aliliweka sanduku chini. Alikuwa anangoja kelele, polisi, hata kofi. Badala yake Adélaïde alifungua kitabu akasoma kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwanachama Valéry, kwa moyo wake, ametoa zawadi ya milioni moja na nusu kwa kikundi, na kupitia ndugu watatu nyingine ya laki tano na elfu arobaini, na kwamba amelipeleka sanduku kwa fundi na kulirudisha salama. Ikigawanywa kwa watu ishirini na wawili, kila mmoja anaongezewa elfu tisini na mbili na kitu.

Chumba kililipuka. Watu waliimba. Dada mmoja wa maabara alimkumbatia Valéry huku akilia, akasema hajawahi kuona mwalimu anayefanya anachofundisha. Wakadai ushuhuda.

Alisimama. Aliwaangalia wale vijana, akamwangalia Hamimu mlangoni ambaye alikuwa ameshatanguliza mkono wazi. Angeweza kukana zawadi, lakini ingebidi aeleze pesa ile ilikuwa ya nini. Akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hotuba haikutoka. Kwa uchungu wa milioni mbili machozi yakamtoka ya kweli, na watu wakaona ni Roho. Wakaimba tena.

Hisa zake, pamoja na sehemu yake ya zawadi yake mwenyewe, zilimpitia mkononi kwa sekunde tatu. Hamimu alizipokea, akazihesabu, akasema, "Bado milioni moja na kitu. Pasipoti inaendelea kulala."

Adélaïde hakungoja keki wala soda. Alifunga pesa yake kwenye kitenge akashuka mlima karibu anakimbia, Régis, Danielle na Loïc nyuma yake kama alivyowaamuru, na Valéry nyuma yao kama alivyoamuriwa na Hamimu. Saa kumi na moja kasoro dakika nane alikuwa anamwaga noti juu ya kaunta ya Aboubacar. Mtu wa hoteli alikuwa ameshakaa kwenye kiti, na alizitazama zile noti kwa huzuni. Aboubacar alihesabu mara moja, akahesabu tena, akapiga kofi mlango wa tanuri.

"Chukua, mutoto wangu. Ni lako."

Adélaïde aliweka mkono juu ya lile tanuri, kisha akageuka akijipangusa uso, akaanza kutafuta mkokoteni. Wasukuma mikokoteni walitaka pesa ya kutisha, kwa sababu ya mlima na kwa sababu malori yote yalikuwa kwenye foleni ya mafuta. Akatoa pesa yake ya chakula cha mwezi, akakodi mkokoteni mtupu na kuwaambia wanaume watatu waliokuwepo kwamba kila atakayesukuma mpaka Mutanga Nord atapata elfu kumi mkononi. Régis alitafakari kuhusu heshima yake, akashika. Loïc alishika bila kutafakari. Hamimu akamsogeza Valéry kwa kidole kimoja mgongoni.

Mlima ulikuwa mlima. Danielle alitembea pembeni akishikilia mlango wa tanuri usifunguke, Hamimu nyuma na mwavuli, Adélaïde mbele akiongoza njia na kuwapisha watu. Nusu ya njia Loïc, aliyekuwa amekaza meno tangu sokoni, alimgeukia mwenzake wa kusukuma.

"Mwalimu, mi niko na swali," alisema akihema. "Hii elfu kumi, kwa mutu mwenye deni. Fungu la kumi anatoa kabla ya kulipa deni, ao baada?"

Valéry alifikiri. Jasho lilimwingia machoni. Ile semina ya mtandaoni haikuwa imefika hapo.

"Baada," alisema Hamimu kutoka nyuma, kwa haraka.

"Kabla," alisema Adélaïde kutoka mbele, bila kugeuka. "Sukumeni."